Ng'ombe Saba na Farasi 450: Uhakiki wa Injini ya Turbo ya Mtaani

Simu iliita Jumapili usiku nikiwa nahangaika na data za maabara. Alikuwa binamu yangu wa Magu. Hata salamu haikukamilika.

"Dada, injini imenoki."

Nilijua ni injini gani. Ni ile ya Forester yake ya turbo, silinda nne, lita mbili, ambayo kwa miezi mitano alikuwa "anaijenga" kwenye gereji moja jijini Mwanza. Alifunga turbo kubwa zaidi, nozeli kubwa, springi ngumu za valvu na ekzosi ya bomba pana. Juu ya hayo kulikuwa na faili la kompyuta ya gari alilotumiwa kwa simu, lililosogeza kikomo cha mizunguko hadi 8,000 kwa dakika. Pistoni na konrodi zilibaki za kiwandani, kwa sababu hela iliishia kwenye turbo. Ahadi ilikuwa hosipawa 450, au kama wanavyosema vijana, farasi 450. Injini ilidumu wiki tatu. Ilifia njiani akitoka Mwanza, kati ya Kisesa na Nyanguge, ikavutwa kwa kamba mpaka nyumbani.

Hela ya mradi ule ilitoka kwa mjomba, baba yake, aliyeuza ng'ombe saba kwa makubaliano kwamba gari litahudumia duka la pembejeo. Nilipompigia mjomba kumpa pole, aliitikia shikamoo yangu, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Wewe ndiye msomi wa mitambo. Niambie ng'ombe wangu wameenda wapi."

Hapa kwenye blogu tumezoea kuhakiki vitabu na filamu za sayansi. Leo naomba nihakiki mapishi. Namaanisha yale mapishi ya injini yanayozunguka kwenye video na kwenye magereji: chukua silinda nne ya Kijapani, ipe turbo kubwa, iache izunguke mpaka ilie, kisha hesabu farasi. Ni mapishi yenye mvuto, na ndani yake kuna sayansi ya kweli. Shida ni vile vinavyoachwa bila kusemwa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu

Krismasi moja nikiwa Magu, binamu aliniuliza swali zuri: farasi zinatoka wapi hasa? Nikachukua kalamu, nikaandika nyuma ya boksi la mbegu:

farasi = toki × mizunguko ÷ 7,000

Toki ni nguvu ya kusokota shafti, hapa tunaipima kwa nyutoni-mita. Mizunguko ni ya dakika moja. Hiyo 7,000 ni kadirio la kuoanisha vipimo. Injini yenye toki 400 kwenye mizunguko 4,000 inatoa farasi kama 228. Toki ileile kwenye mizunguko 7,500 inatoa 428.

Macho yakamtoka. "Kwa hiyo nikiongeza mizunguko tu, farasi zinaongezeka bila kuongeza toki?"

Nikasema ndiyo. Nilikuwa sahihi kihesabu, na nilikosea kama mwalimu. Sikumwambia kwamba mlinganyo ule unaeleza nukta moja tu ya mchoro, wakati gari linatembea kwenye mchoro mzima. Sikumwambia pia bei ya kufika kwenye nukta hiyo.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa injini mbili za lita mbili. Ya kwanza ina turbo ndogo na inafikisha farasi 350 kwenye mizunguko 5,500. Ya pili ina turbo kubwa na inafikisha farasi 450 kwenye mizunguko 8,000. Kwenye karatasi ya pili imeshinda. Sasa ziweke zote kwenye mizunguko 3,000. Turbo ndogo imeshaamka, inatoa toki 430, sawa na farasi 184. Turbo kubwa bado imelala kwa sababu moshi wa ekzosi hautoshi kuizungusha. Inatoa toki 180, sawa na farasi 77.

Barabara ya Mwanza hadi Magu ni kama kilomita 60. Ina matuta, ina vijiji vya 50 kwa saa, ina askari wa tochi, ina bodaboda zinazokatiza, na msimu mwingine ina ng'ombe wanaovuka bila haraka. Kwenye safari ile mshale wa mizunguko hukaa kati ya 2,000 na 3,500 karibu muda wote. Farasi 450 zipo kweli, ila zinakaa kwenye mizunguko ambayo dereva anaifikia kwa sekunde chache tu kila baada ya kijiji. Mjomba anayelimia plau angelielewa hili haraka kuliko binamu: ng'ombe wa plau hapimwi kwa mbio zake.

Pumzi za haraka au pumzi nene?

Injini ni pampu ya hewa. Petroli bila hewa haiwaki, kwa hiyo anayetaka nguvu zaidi lazima aingize hewa nyingi zaidi kila sekunde. Njia ni mbili. Unaweza kupumua haraka, yaani kuongeza mizunguko. Au unaweza kuvuta pumzi nene, yaani kushindilia hewa zaidi kwenye kila mpigo. Turbo inafanya hiyo ya pili.

Injini isiyo na turbo haina pa kwenda zaidi ya mizunguko. Ndiyo maana Honda S2000 ya mwaka 1999, lita mbili bila turbo, ilijengwa kuzunguka hadi 9,000 ili ipate farasi 250 kwa toleo la Japani. Ilikuwa kazi kubwa ya uhandisi, na kila kipande cha ndani kilibuniwa kwa ajili ya maisha hayo.

Injini ya turbo haina dhiki hiyo. Mercedes-AMG walipotoa injini yao ya M139 mwaka 2019, silinda nne, lita mbili, toleo lake la juu lilikuwa na farasi 421. Farasi hizo zinapatikana kwenye mizunguko 6,750. Hao ni watu wenye maabara, vyuma vya kuchagua na bajeti ya kutosha, na bado hawakuona haja ya kuifikisha 8,000 ili wapate nguvu yao.

Hapa ndipo mapishi ya mtaani yanapojichanganya. Yanachukua dawa mbili za ugonjwa mmoja na kuzinywesha injini kwa pamoja: turbo kubwa na mizunguko mingi. Kila dawa ina madhara yake, na madhara hayo yanazidishana.

Tani 1.7 kwenye konrodi

Tuanze na madhara ya mizunguko. Pistoni hupanda, husimama, hushuka, husimama tena. Kwenye mizunguko 8,000 inafanya hivyo mara 133 kwa sekunde. Kila inaposimama na kugeuka, kuna kitu lazima kiivute, na kitu hicho ni konrodi.

Injini ya Subaru EJ20, ambayo ndiyo iliyo kwenye Forester ya binamu, ina mwendo wa pistoni wa milimita 75. Pistoni na pini yake tuzikadirie nusu kilo. Ukipiga hesabu, kwenye mizunguko 6,500 pistoni inavuta konrodi kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 1.1. Kwenye mizunguko 8,000 inakuwa tani 1.7. Fikiria Toyota Noah imening'inizwa kwenye konrodi moja, inaachiwa na kuning'inizwa tena mara 133 kwa sekunde.

Zingatia kwamba mizunguko iliongezeka kwa asilimia 23 tu, ila mzigo ukapanda kwa zaidi ya asilimia 50. Sababu ni kwamba mzigo huu hufuata mraba wa mizunguko. Mapishi ya mtaani huongea kana kwamba kutoka 6,500 hadi 8,000 ni hatua ndogo, kama kuhama kutoka gia ya tatu kwenda ya nne. Konrodi haioni hivyo.

Springi ngumu za valvu ambazo binamu alinunua zinasaidia valvu zifunge kwa wakati. Ni kitu sahihi, tena hapo mapishi yana haki. Lakini hazimsaidii konrodi, na hazimsaidii beringi anayebeba mzigo ule juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Kwenye EJ20 silinda zinatazamana mbilimbili, kwa hiyo krenki ni fupi na beringi zimebanwa nafasi. Ni ubunifu mzuri wa kushusha uzito wa gari karibu na ardhi. Ila ndiyo sehemu ambayo fundi angeanza nayo kabla ya kugusa kikomo cha mizunguko.

Busti ya Magu si busti ya Dar

Sasa sehemu iliyonifanya nikae chini niandike, maana sijaona video hata moja kati ya zile alizonitumia binamu ikiigusa.

Maji ya Ziwa Victoria yako mita kama 1,135 juu ya usawa wa bahari. Magu iko juu kidogo ya hapo. Kwenye kimo hicho shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la pwani kwa asilimia kama 13. Sisi tuliozaliwa huku hatulihisi. Injini inalihisi kila inapovuta pumzi.

Kwa haki, hii ni hoja ya kuipenda turbo. Mwaka 1918 Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege hadi kwenye kilele cha Pikes Peak kule Colorado, mita zaidi ya 4,000, ili aoneshe kwamba turbo inaweza kurudisha nguvu inayopotea kwenye hewa nyepesi. Turbo ilipendwa na watu wa ndege kwa sababu ya kimo kabla vijana wa magari hawajaipenda kwa sababu ya sifa. Anayeishi Magu, au Mbeya, au Arusha, ana sababu halali kabisa ya kuitaka.

Lakini kurudisha hewa si bure. Tuseme mapishi yanataka shinikizo la baa 2 ndani ya injini. Dar es Salaam turbo inatakiwa kuibana hewa karibu mara mbili. Magu, kwa matokeo yaleyale, inatakiwa kuibana mara 2.26 hivi. Turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa inayobanwa zaidi huwa ya moto zaidi. Nimepiga hesabu kwa hewa ya nyuzi 30 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Dar hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na nyuzi 123. Magu inatoka na nyuzi 144. Umeongeza nyuzi 20 bila kuongeza farasi hata mmoja.

Kazi ya kuipoza ni ya intakula. Kwenye Forester ile intakula imelala juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti, na inategemea upepo wa gari linapotembea. Sasa rudi barabarani. Gari linapunguza mwendo kwa ajili ya tuta. Upepo unakatika, joto la injini linapanda kwenye intakula. Gari linavuka tuta, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho kwa sababu ana farasi 450 na nyuma kuna Noah inamwashia taa. Hewa inayoingia wakati huo ni ya moto kuliko wakati wowote wa safari.

Ongeza na petroli. Injini nyingi za Subaru za turbo za soko la Japani zilipangwa kwa petroli bora ya kule, yenye okteni karibu na 100. Petroli ya pampu zetu iko chini ya hapo. Okteni ni uwezo wa petroli kuvumilia joto na mbano bila kujiwasha yenyewe. Kwa hiyo faili lile la kompyuta, lililotengenezwa kwa gari jingine, kwa petroli nyingine na kwa kimo kingine, lilikuwa kama dawa iliyoandikwa kwa jina la mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Kunoki": neno moja, magonjwa mawili

Fundi aliyeifungua injini alitoa hukumu fupi: imenoki, oili mbovu. Wengi wetu tungeishia hapo.

Kwenye magereji yetu neno "kunoki" hubeba mambo mawili. La kwanza ni beringi ya konrodi iliyokwisha, konrodi ikawa inacheza na kugonga krenki. Mlio wake ni mzito, ko-ko-ko, na unafuata mizunguko. La pili hutokea ndani ya silinda: mchanganyiko wa hewa na petroli unajiwasha wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Mlio wake ni mwembamba, kama changarawe ndani ya kopo, na kwenye gari lenye ekzosi pana husikii kabisa. La kwanza ni ugonjwa wa oili na mzigo. La pili ni ugonjwa wa joto, okteni na mpangilio wa moto.

Kwa kuwa neno ni moja, dawa nayo huwa moja: badilisha oili, nunua injini nyingine ya mtumba, endelea.

Binamu alinitumia picha, na nilipofika Magu nikavishika vyuma kwa mikono yangu. Beringi ya konrodi moja ilikuwa imekwisha mpaka shaba inaonekana. Hapo fundi alikuwa sahihi. Lakini pistoni mbili zilikuwa zimevunjika ule ukingo mwembamba ulio kati ya ringi ya kwanza na ya pili, vipande vimeng'oka kabisa. Oili mbovu haivunji ukingo ule. Kinachouvunja hasa kwenye injini kama hii ni vishindo vya mchanganyiko uliojiwasha wenyewe. Pigo lilelile linalovunja pistoni linasafiri kwenye konrodi na kumshukia beringi kama nyundo. Kwa maoni yangu ugonjwa wa pili ndio ulioanza, ukazaa wa kwanza, na mlio tuliousikia ulikuwa wa mtoto, si wa mzazi.

Nasisitiza hili kwa sababu lina hela ndani yake. Kama angefuata hukumu ya oili, angefunga injini nyingine, angeweka faili lilelile, na baada ya wiki kadhaa mjomba angekuwa anatafuta mnunuzi wa ng'ombe wa nane.

Safari Rally walishalijibu swali hili

Wapenzi wa Subaru huku kwetu hupenda kutaja Safari Rally, na wana haki. Mbio zile zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Colin McRae alishinda na Subaru Impreza mwaka 1997, Richard Burns akashinda nayo 2000. Tommi Mäkinen alishinda na Mitsubishi Lancer Evolution mwaka 1996 na tena 2001. Zote ni silinda nne, lita mbili, turbo. Vijana wakizitaja huzitaja kama ushahidi wa mapishi yao.

Ushahidi huo unasema kinyume. Kuanzia mwaka 1995 sheria za mbio za dunia zililazimisha hewa yote ya injini hizo ipite kwenye tundu la milimita 34, pana kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya maji. Hewa ikipita kwenye tundu kama hilo hufika kasi ya sauti, na ikishafika hapo hakuna turbo inayoweza kuvuta zaidi. Ukipiga hesabu ni kama gramu 217 za hewa kwa sekunde kwenye usawa wa bahari, na pungufu zaidi kwenye nyanda za juu za Kenya.

Hewa ikishakuwa na kikomo, kuongeza mizunguko hakuleti kitu. Wahandisi wakageukia chini. Walipandisha shinikizo kwenye mizunguko ya kati, wakajaza toki kuanzia 3,000 hivi, na nguvu iliyotangazwa ikabaki kama farasi 300, karibu na mizunguko 5,500. Injini iliyoshinda Safari, kwa namba za karatasi, ni ndogo kuliko ile iliyoahidiwa kwenye Forester ya Magu. Ilichokuwa nacho ni nguvu tayari kila dereva alipotoka kwenye kona au kwenye mto wa mchanga, na uwezo wa kurudia hivyo kwa siku tatu.

Mwaka 1993 Mkenya Patrick Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, kigari cha injini ya silinda nne isiyofika hata sentimita za ujazo 700. McRae alikuwa na Vivio nyingine na hakumaliza. Njiru alimaliza akiwa wa 12. Naipenda hadithi ile kuliko za washindi, kwa sababu inaonesha mtu aliyeijua injini yake na njia yake.

Kwa haki yake

Sitaki nionekane msomi anayewacheka mafundi. Kuna mahali ambapo turbo kubwa na mizunguko mingi ni jibu sahihi. Kwenye mbio za mstari ulionyooka, injini inaombwa kazi kwa sekunde kumi hivi, inakaa juu ya mizunguko muda wote, na mwenye gari ameshakubali kuifungua mara kwa mara. Mfano mkubwa wa historia ni BMW M12/13 ya Formula 1, silinda nne, lita 1.5, iliyotokana na bloku ya chuma ya magari ya kawaida. Nelson Piquet alichukua nayo ubingwa wa dunia mwaka 1983. Kufikia 1986 matoleo ya kutafuta nafasi ya kuanzia yalikadiriwa kupita farasi 1,300, na yalitarajiwa kuishi mizunguko michache ya uwanja tu. Waliozijenga walijua hivyo toka mwanzo. Hawakumwambia mtu kwamba ataenda nayo dukani.

Hiyo ndiyo lawama yangu kubwa kwa mapishi ya mtaani. Yanakopa namba kutoka kwenye mbio, yanaficha umri wa injini za mbio, kisha yanamuuzia mtu wa duka la pembejeo. Video inaonesha mashine ya kupimia ikisoma farasi, watu wanashangilia, video inaisha. Wiki ya nne haioneshwi.

Lawama ya pili ni kwa sisi tunaoandika. Tunapenda milinganyo mifupi kwa sababu inapendeza ubaoni. Mlinganyo wangu wa nyuma ya boksi la mbegu ulikuwa sahihi na ukachangia kupoteza ng'ombe saba. Toka siku ile, nikieleza farasi kwa mtu yeyote, naanza kwa kumwomba anichoree mchoro wa safari yake: anaenda wapi, na mshale wa mizunguko unakaa wapi muda mwingi.

Jibu kwa mjomba

Nilimweleza mjomba nikiwa nimekaa naye nje ya nyumba, pistoni iliyovunjika iko juu ya kigoda kati yetu. Nilimwambia mifugo yake ilinunua nguvu ambayo barabara yake haiitumii. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa mmoja wa walioshauri, na kwamba ushauri wangu ulikuwa nusu. Aliigeuzageuza ile pistoni, akapitisha kidole kwenye ukingo uliong'oka, akauliza, "Sasa hili la kawaida lingedumu?"

Nikamwambia naamini lingedumu.

Tumekubaliana hivi. Injini inafungwa upya na turbo yake ya kiwandani. Faili la awali linarudi, kikomo cha mizunguko kinarudi pale Subaru walipokiweka. Hela kidogo iliyopo inakwenda kwenye beringi, pampu ya oili, rejeta na intakula iliyosafishwa, vitu ambavyo hakuna anayevipigia video. Farasi wanaweza kufika 200 na kidogo. Binamu hakufurahi sana. Alisema wenzake watamcheka.

Kama na wewe unapanga kujenga silinda nne ya turbo, usianze na swali la farasi ngapi. Muulize fundi wako mambo manne na umwombe ajibu kwa namba: nguvu hiyo inaanza kwenye mizunguko mingapi, hewa inaingia na joto gani baada ya intakula, faili limepangwa kwa petroli ipi na kimo kipi, na injini ikifika kikomo kipya konrodi inabeba tani ngapi. Akijibu yote, mpe gari. Akijibu la farasi tu, rudi nyumbani na ng'ombe wako.